Kompyuta katika upandikizaji wa uso: inapanga nini, na uwezo wake unaishia wapi

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nimesoma kwamba kuna wagonjwa waliopandikizwa uso wa mtu aliyefariki, na kwamba siku hizi upasuaji huo hupangwa kwanza kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajalazwa mezani. Kompyuta inafanya kitu gani ambacho daktari bingwa hawezi kukifanya kwa macho na mikono yake? Na mpango ukishakamilika, mgonjwa anaweza kuhakikishiwa kwamba uso huo utakaa sawasawa?"

Ndugu msomaji, nitayajibu maswali yako mawili kwa pamoja, kwa sababu jibu la la pili limo ndani ya la kwanza. Kompyuta haipasui, wala haiamui nani apandikizwe uso. Inachofanya ni kupanga mifupa na meno, na kuhamisha sehemu kubwa ya fikra ngumu kutoka chumba cha upasuaji, ambako muda unayoyoma, kwenda kwenye meza ya kompyuta ambako watu wanaweza kukosea, kufuta na kuanza upya bila mtu kudhurika. Ngozi, misuli, neva na kinga ya mwili bado haviko mikononi mwake kwa sehemu kubwa, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama mgonjwa atatabasamu, atafumba macho na kuishi miaka mingi na uso huo.

Upandikizaji wa kwanza wa uso ulifanyika Amiens, Ufaransa, tarehe 27 Novemba 2005, chini ya Bernard Devauchelle na Jean-Michel Dubernard. Mgonjwa, Isabelle Dinoire, alikuwa ameng'atwa na mbwa wake, na sehemu aliyopandikizwa ilikuwa pembetatu yenye pua, midomo na kidevu: ngozi, mafuta, misuli na utando wa ndani wa mdomo. Mifupa ya uso haikuhamishwa. Ugumu mkubwa ulikuwa kuunganisha mishipa ya damu na neva nyembamba kwa kutumia hadubini, na kwa kazi hiyo jicho na mkono wa bingwa ndivyo vinavyotegemewa hadi leo. Lakini wengi wanaofikiriwa kupandikizwa uso wana majeraha ya namna nyingine. Waliopigwa risasi usoni, walioungua kwa umeme mkubwa au walioraruliwa na wanyama wakubwa huweza kupoteza taya la juu, kaakaa, pua yote, pengine na sakafu ya tundu la jicho. Desemba 2008 kundi la Maria Siemionow katika Cleveland Clinic, Marekani, lilipandikiza takriban asilimia 80 ya uso, ikiwemo mifupa ya sehemu ya kati ya uso na taya la juu. Machi 2012 kundi la Eduardo Rodriguez katika Chuo Kikuu cha Maryland lilihamisha uso mzima pamoja na mataya yote mawili, meno na sehemu ya ulimi, katika upasuaji wa saa 36. Mifupa ilipoingia, haikutosha tena kuuliza kama damu itapita. Ilibidi kuuliza pia kama mifupa ya mtu mmoja itakaa juu ya fuvu la mtu mwingine.

Anza na meno, kwa sababu ndiyo yasiyosamehe kosa. Mtu mwenye meno yake huhisi hata unywele uliokwama kati ya jino la juu na la chini. Sasa chukua mgonjwa aliyepoteza taya la juu lakini lile la chini limesalimika. Akipandikizwa taya la juu la marehemu, safu mbili za meno zilizokua katika vinywa viwili, zenye upana tofauti na mipindo tofauti, zinatakiwa kuumana tangu siku ile ya upasuaji. Taya la juu likishuka milimita chache kwa nyuma, magego yatagusana mapema na meno ya mbele yatabaki wazi, mgonjwa asiweze kukata chakula wala kutamka vizuri sauti kama f na v. Likisogea mbele kupita kiasi, midomo haitafunga na mate yatadondoka. Mifupa ya mashavu ikipinda, tundu moja la jicho litakuwa chini ya jingine, na mgonjwa anaweza kuona vitu viwili viwili. Kosa la mfupa halibaki kwenye mfupa: linajitokeza kwenye mdomo, kwenye kope na kwenye matamshi, hata kama ngozi imeshonwa kwa ustadi usio na dosari.

Unauliza kwa nini bingwa asiyaone hayo kwa macho. Katika upasuaji wa kawaida wa mataya, huwa tunapima kutoka alama tunazozijua: shina la pua, ukingo wa tundu la jicho, ncha za meno ya mbele, mstari wa katikati wa uso. Mgonjwa anayehitaji uso mpya hana alama hizo, kwa maana zimeondoka pamoja na jeraha lenyewe, au zimefunikwa na makovu na mifupa iliyopachikwa katika operesheni nyingi zilizotangulia. Mtoaji naye amelala kwenye chumba kingine, uso wake umevimba kwa maji ya dripu na kwa siku alizokaa kwenye mashine ya kupumulia. Hakuna pembe ambayo daktari anaweza kusimama na kuyaona mafuvu yote mawili kwa pamoja, moja juu ya jingine. Kompyuta inatoa pembe hiyo.

Maandalizi ya mpokeaji huanza miezi mingi kabla. Kichwa chake hupigwa picha za skani ya CT, yaani eksirei zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, zenye vipande vyembamba, vya milimita moja au chini ya hapo, kisha programu hutenganisha mfupa na nyama kwa kufuata msongamano wa kila nukta. Kwa anayetazama kwa mbali, hatua hii huonekana kuwa ya mashine peke yake, lakini mtu aliyeketi mbele ya skrini anajua kwamba mashine hukosea, na hukosea mahali palepale. Sakafu ya tundu la jicho ni nyembamba kiasi kwamba programu huitafsiri kuwa hewa na kuchora matundu ambayo hayapo. Vipande vya risasi na vibati vya zamani vya chuma hutawanya miale, hivyo meno yaliyo karibu navyo huonekana kama nyota zenye michirizi. Ndiyo sababu meno huchukuliwa picha peke yake kwa skana ya mwanga, kisha picha hiyo hulazwa juu ya ile ya CT mpaka mikunjo ya magego ilingane. Kipande kwa kipande, mtu anayeijua anatomia huamua lipi ni tundu la kweli na lipi ni kivuli. Kosa likipita hapa litabebwa hadi kwenye msumeno, kwa hiyo sipendi hatua hii iachiwe fundi wa programu peke yake, hata awe hodari namna gani.

Picha nyingine za CT hupigwa baada ya kudunga dawa inayong'arisha mishipa ya damu. Uso uliopandikizwa huishi kwa damu inayotoka hasa kwenye matawi ya ateri ya nje ya shingo, na hurudisha damu kupitia vena za shingo. Kwa mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa operesheni kumi au ishirini, mishipa hiyo mara nyingi imetumika na kufungwa. Ramani ya mishipa iliyobaki ndiyo inayoamua upande gani uunganishwe kwanza, na pengine inaamua hata kiasi cha nyama kitakachohitajika kutoka kwa mtoaji ili mishipa yake ifike bila kuvutwa. Mara kadhaa nimeona mipango ya kupendeza ya mifupa ikibadilishwa yote kwa sababu ya vena moja isiyopatikana, na naamini ni sahihi iwe hivyo, kwa kuwa mfupa uliokaa vizuri bila damu ni mfupa uliokufa.

Mpaka hapo, mpango uko nusu tu, na hiyo ndiyo sifa inayoutofautisha upandikizaji wa uso na upasuaji mwingine wote ninaoufahamu unaopangwa kwa kompyuta. Fuvu la mpokeaji tunalijua kwa miezi au miaka. Fuvu la mtoaji tunalijua kwa saa chache. Mtoaji ni mtu ambaye ubongo wake umethibitishwa kufa, moyo wake ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine, na familia yake imetoa ridhaa mahususi kwa ajili ya uso, mbali na ridhaa ya figo, ini au moyo. Lazima kundi la damu lioane, lazima kinga ya mpokeaji isiwe tayari na silaha dhidi ya tishu zile, na zaidi ya hayo hutazamwa rangi ya ngozi, umri na vipimo vya kichwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kupatikana baada ya wiki au baada ya miaka. Akipatikana, picha zake za CT hupigwa, na bingwa pamoja na mhandisi huketi usiku huohuo kuukamilisha mpango ulioanza zamani.

Kazi ya usiku huo ni kutafuta mkato mmoja unaofaa mafuvu mawili. Kwenye skrini, uso wa mtoaji hulazwa juu ya fuvu la mpokeaji, kwanza kwa kufuata meno, kisha kwa kufuata tundu la jicho, kisha kwa kufuata msingi wa fuvu, na karibu kila mara njia hizo tatu hutoa majibu matatu yanayopingana. Ukiyalinganisha meno kikamilifu, shavu la kushoto linaweza kutokeza. Ukilishusha shavu, meno yanaachana. Programu itakuonyesha tofauti hizo kwa rangi na kwa milimita, lakini haiwezi kukuambia lipi ni bora kwa mgonjwa huyu. Kwa maoni yangu meno na mdomo vitangulie, kwa sababu shavu linaweza kunolewa au kujazwa baadaye katika operesheni ndogo, ilhali mdomo usiofunga humtesa mgonjwa kila anapokula na kila anapozungumza. Pale ambapo safu za meno za watu wawili haziwezi kuafikiana kabisa, inapasa kufikiria kuhamisha mataya yote mawili ya mtoaji, yaliyozoeana tangu utotoni, na kuyaunganisha na taya la mpokeaji nyuma ya magego, karibu na maungio ambayo yatabaki kuwa ya kwake.

Mkato ukishakubaliwa, mpango hutoka kwenye skrini na kuwa kitu cha kushikwa. Printa ya pande tatu huchapisha vielekezi vya kukatia, vipande vya plastiki ngumu inayostahimili kutakaswa kwa joto. Kila kielekezi kimeumbwa kufuata mabonde na vilima vya mfupa mmoja wa mtu mmoja, kwa mfano shina la pua na ukingo wa tundu la jicho, na kina mwanya mwembamba ambamo msumeno hupita kwa pembe iliyopangwa, bila nafasi ya kuyumba. Kina pia matundu ya skrubu, na matundu hayo yamepangwa ili baadaye, vibati vya titani vitakapofungwa, vikute tundu lilelile na kuleta mfupa mahali uliposadikiwa kwenye skrini. Kielekezi kilichokaa vizuri hukaa kama kifuniko kwenye sufuria yake: ukikibonyeza kwa kidole gumba upande mmoja, upande wa pili hauinuki. Kikitikisika hata kidogo, ama kuna utando haujakwanguliwa kwenye mfupa, ama mfupa umebadilika tangu upigwe picha, ama kuna mtu alikosea alipokuwa akitenganisha nyama na mfupa. Hapo bingwa husimama, hatumii nguvu, na huamua kama atausafisha mfupa upya au ataachana na kielekezi na kukata kwa ujuzi wake. Hakuna programu inayouamua wakati huo kwa niaba yake. Vielekezi vya aina hii vilitumika Agosti 2015 katika hospitali ya NYU Langone, New York, ambako Rodriguez na wenzake walimpandikiza mzimamoto aliyeungua uso mzima, pamoja na ngozi ya kichwa, masikio na kope, katika operesheni ya saa 26.

Njia nyingine ni mfumo wa uelekezaji. Kamera za miale isiyoonekana hufuatilia vialama vilivyofungwa kwenye fuvu na kwenye vifaa, na skrini huonyesha ncha ya kifaa iko wapi ndani ya picha za CT. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kundi lililomhusisha Chad Gordon lilitengeneza mfumo wa aina hiyo mahususi kwa upandikizaji wa uso, taya na meno, likaujaribu kwa maiti na kwa nguruwe. Nia yake ni kwamba mkato ukitofautiana na mpango, kompyuta ipime tofauti hiyo palepale na kuonyesha jinsi meno yatakavyoumana sasa, ili mpango urekebishwe mezani. Wazo hilo naliona zuri sana, kwa sababu linakubali ukweli kwamba hakuna mkato unaofuata mpango kwa asilimia mia. Hata hivyo, kielekezi cha plastiki hakihitaji kamera ionane na kialama katikati ya msongamano wa mikono na vitambaa, na kwa hiyo anayeweza kuwa na vyote viwili asichague kimoja.

Faida ambayo watu wa nje huwa hawaifikirii ni muda. Tangu mishipa ya mtoaji inapofungwa mpaka damu ya mpokeaji inapoanza kupita, nyama ya uso haina hewa, na misuli haivumilii hali hiyo kwa saa nyingi. Zikitimia saa nne hadi sita tayari tuna wasiwasi, hata kama imepozwa. Zamani muda huo wa thamani ulitumika kujaribu mfupa, kuutoa, kuukwangua, kuurudisha, kuukwangua tena. Mikato miwili ikilingana tangu mwanzo, mfupa hufungwa kwa skrubu na bingwa wa hadubini huanza mishipa mapema. Kumbuka pia kwamba kwenye chumba cha mtoaji kuna makundi mengine yanayosubiri moyo, ini na figo kwa ajili ya wagonjwa ambao maisha yao yanategemea viungo hivyo, na upasuaji wa uso hauruhusiwi kuvihatarisha. Mpango uliokamilika huwaeleza wote nani ataanza, wapi, na kwa muda gani.

Usidhani, lakini, kwamba kompyuta iliondoa haja ya kufanya mazoezi kwa mikono. Kabla ya upandikizaji wa uso wa kwanza katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, mwezi Juni 2016, kundi la Samir Mardini lilifanya mazoezi kwa maiti kwa zaidi ya Jumamosi 50 katika muda wa miaka mitatu na nusu, likihamisha uso wa maiti mmoja kwenda kwa mwingine, huku mikato ya mifupa ikipangwa kwenye kompyuta. Mazoezi hayo yalihusu pia neva, yaani kitu ambacho skani haikionyeshi vya kutosha. Matawi ya neva ya uso ni membamba, yanatofautiana baina ya mtu na mtu, na hutambuliwa mezani kwa kuyagusa na mkondo mdogo wa umeme na kutazama msuli upi unaruka.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, la kuhakikishiwa. Kuhusu mifupa, kundi zuri linaweza kumwambia mgonjwa kwa uaminifu kwamba linatarajia kuwa ndani ya milimita chache za mpango, na hata hivyo wapokeaji kadhaa wamehitaji operesheni za baadaye za kurekebisha kaakaa, meno au ngozi iliyozidi. Kuhusu sura, tahadhari ni kubwa zaidi. Programu zinaweza kuchora jinsi mgonjwa atakavyoonekana, lakini uso wa baadaye ni matokeo ya ngozi ya mtu mmoja, mifupa ya wawili, uvimbe, makovu na misuli ambayo bado haijaanza kufanya kazi. Kwa kawaida mpokeaji hafanani na marehemu kama pacha, wala harudi kuwa alivyokuwa. Kadiri mifupa mingi ya mtoaji inavyohamishwa, ndivyo sura ya mtoaji inavyobaki zaidi. Nawasihi wenzangu wasimwonyeshe mgonjwa mchoro huo kana kwamba ni picha yake ya kesho, kwa sababu ataubeba kichwani na kuupima kila atakapojitazama kwenye kioo.

Kuhusu neva, kompyuta haina ahadi ya kutoa. Nyuzi za neva huota kutoka upande wa mpokeaji kuingia kwenye uso mpya kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku. Hisia za mguso na joto huanza kurudi katika miezi ya mwanzo. Mwendo wa midomo na kope huchelewa zaidi, pengine mwaka mzima na kupita, na hutegemea mazoezi ya kila siku pamoja na mtaalamu wa matamshi na wa viungo. Kuna wanaofumba macho vizuri, na kuna ambao upande mmoja haukuamka kamwe ingawa mifupa yao ilikaa bila kasoro.

Kisha kuna kinga ya mwili, ambayo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mpokeaji hutumia dawa za kushusha kinga maisha yake yote, kwa kawaida takrolimasi, mikofenoleti na dawa ya jamii ya steroidi, na dawa hizo huleta maambukizi, kisukari, shinikizo la damu, madhara ya figo na ongezeko la baadhi ya saratani. Hata akizimeza bila kukosa, karibu kila mpokeaji hupata walau kipindi kimoja cha mwili kujaribu kuukataa uso: ngozi hugeuka nyekundu na kuvimba, na kipande kidogo hukatwa ili kupimwa kwa hadubini. Vipindi vingi hutulizwa kwa kuongeza dawa, lakini kuna kukataa kwa polepole kunakoharibu mishipa ya damu kwa miaka. Huko Paris, mgonjwa aliyepandikizwa uso mwaka 2010 aliupoteza kwa njia hiyo, akaishi wiki kadhaa bila uso hadi Laurent Lantieri na wenzake walipompandikiza wa pili mwanzoni mwa mwaka 2018. Dinoire mwenyewe, aliyefungua njia hii, aliishi zaidi ya miaka kumi na uso wake mpya, akafariki mwaka 2016 baada ya kupoteza sehemu ya uwezo wa midomo kwa sababu ya mwili kuukataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA Surgery uliangalia upandikizaji 50 wa uso kutoka nchi 11, ukakuta kwamba takriban asilimia 85 ya nyuso zilikuwa bado hai baada ya miaka 5, na asilimia 74 baada ya miaka 10. Kwa upasuaji mchanga kiasi hiki, naziona takwimu hizo kuwa za kutia moyo. Lakini mgonjwa mwenye umri wa miaka 30 anastahili kuelezwa waziwazi kwamba huenda uso huu usimtoshe maisha yote.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi mpaka wa uwezo wa kompyuta ni wa Mei 2023, tena NYU Langone, pale mgonjwa aliyejeruhiwa na umeme mkubwa alipopandikizwa sehemu ya uso pamoja na jicho zima, katika operesheni ya saa 21. Jicho lilikaa mahali pake kwenye tundu, na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikapata damu. Uwezo wa kuona haukurudi, kwa sababu neva inayounganisha jicho na ubongo haioti tena kama zile za usoni. Upande wa mifupa na mishipa ulifanikiwa. Upande wa neva bado unasubiri ugunduzi ambao hautatoka kwenye programu ya kupanga mikato.

Kwa sababu hizo zote, mbinu zilezile za kompyuta huwasaidia watu wengi zaidi bila kumpandikiza mtu yeyote uso. Mgonjwa aliyepoteza taya la chini kwa uvimbe au ajali anaweza kutengenezewa jingine kutokana na mfupa mwembamba wa mguu wake mwenyewe, uliokatwa kwa vielekezi vilivyochapishwa, na mwili wake hautaukataa kwa kuwa ni wake. Msimamo wangu ni kwamba upandikizaji ufikiriwe pale tu midomo na kope zenyewe zimepotea, maana misuli ya mviringo inayofunga mdomo na jicho haina mbadala popote pengine mwilini, na mgonjwa awe amejaribu njia nyingine au imeonekana wazi kwamba haziwezi kumfaa.

Ikiwa unauliza kwa ajili ya mtu unayemjua, basi mwambie aliulize kundi litakalompasua mambo haya: nani alitenganisha mfupa na nyama kwenye picha zake, na bingwa gani aliipitia kazi hiyo, mpango wa akiba ni upi endapo kielekezi hakitakaa au vena iliyotegemewa haitapatikana, endapo uso utakufa, atafunikwa na nini, na baada ya upasuaji, picha mpya za CT zitalinganishwa lini na mpango wa awali, na tofauti za milimita zitakazoonekana ataelezwa na nani.